Sauti ya Marehemu na Amana ya Roho

 

Wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya roho na juu ya hamu ya mwanadamu ya kuishi milele, na tutapitia njia ambayo pengine si ya kawaida kwa watu wa mimbari: riwaya na filamu za kubuni za kisayansi. Haja hiyo tumeletewa na vijana wetu. Wao huzitazama filamu hizo katika simu, kisha huja chuoni baada ya Maghrib na masuali ambayo hayamo katika vitabu tulivyosomeshwa sisi. Mmoja wao, kijana wa miaka 13, alituuliza: "Maalim, mtu akitolewa akili yake yote ikatiwa ndani ya kompyuta, kisha mwili wake ukazikwa, huyo atakuwa amekufa au yu hai? Na Munkar na Nakir watamuuliza nani?" Wenziwe walicheka. Sisi hatukuona la kuchekesha, kwani suali lile ni la zamani sana ingawa limevaa nguo mpya: mtu ni nini hasa, na ni kipi katika yeye kinachobaki?

Wengi huihesabu Frankenstein, iliyochapishwa London mwaka 1818, kuwa miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za aina hii huko Ulaya. Mwandishi wake, Mary Shelley, alikuwa mwanamke wa miaka 20. Katika kisa hicho mwanafunzi wa sayansi anakusanya viungo vya maiti, anaviunganisha na kuvitia uhai, kisha anakimbia kwa kuogopa sura ya kile alichokifanya. Watu wengi wanalijua lile jitu la kutisha. Walio wachache ndio wanaojua habari za mwanamke aliyelibuni. Mamake alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 yeye mwenyewe alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake, na mtoto yule hakukaa. Katika daftari lake la kila siku aliandika kwamba aliota mwanawe amefufuka, kwamba kumbe alikuwa amepatwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto akapata uhai. Alipoamka, hapakuwa na mtoto. Mwaka uliofuata, akiwa Uswisi kando ya ziwa la Geneva, alianza kuandika juu ya mtu anayewatia uhai waliokufa.

Tumelitaja jambo hili kwa sababu mama yeyote aliyezika mtoto anaijua ndoto hiyo. Tunapowasikia watu wakisema kuwa visa hivi ni upuuzi wa makafiri wanaoshindana na Mungu, huwaomba wasubiri kidogo. Kiburi kimo katika baadhi yake, hilo hatulikatai. Lakini nyingi katika hadithi hizi zimezaliwa msibani, na mfiwa hujibiwa kwa upole kabla ya kujibiwa kwa hoja.

Wala hamu hii haikuanza na Wazungu. Wamisri wa kale waliuhifadhi mwili wa maiti kwa kazi iliyochukua takriban siku 70. Ubongo waliutoa na kuutupa, kwa kuwa hawakuuona kuwa na maana. Moyo waliuacha kifuani, maana waliamini kuwa utapimwa kwenye mizani mbele ya unyoya wa haki. Katika zama zetu, huko Arizona, Marekani, iko taasisi iitwayo Alcor ambayo huwahifadhi watu katika baridi kali mno baada ya kufariki, kwa matumaini kwamba sayansi ya kesho itawarudisha. Baadhi yao huhifadhiwa kichwa peke yake. Mtu wa kwanza kuhifadhiwa kwa njia ya baridi namna hiyo alifariki mwaka 1967, na mpaka leo yungali katika baridi ile. Zingatia tofauti iliyopo: wale wa kale waliuweka moyo wakatupa ubongo, na hawa wa leo wanauweka ubongo na mwili wanauacha. Kila mmoja alihifadhi kile alichodhani kuwa ndiye mtu mwenyewe.

Watu wa Mashariki nao wana maelezo yao. Wahindu wengi husema kuwa ndani ya kila mtu mna nafsi ya milele inayouacha mwili mmoja na kuingia mwingine, kama mtu abadilishavyo nguo iliyochakaa. Mabudha wanapinga kuwapo kwa nafsi ya kudumu, na baadhi ya walimu wao hulinganisha maisha na mwali wa taa unaowasha taa nyingine: si mwali uleule, wala si mwali mgeni kabisa. Karibu nasi zaidi, jirani zetu Wagiriama humchongea marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu nguzo ya mti iitwayo kigango, na kuamini kwamba koma ya mzee yule ina haki juu ya jamaa zake. Vigango vingi viliibwa vikauzwa mpaka Marekani, na baadhi vimerejeshwa. Itikadi yetu si hiyo, lakini huzuni ya jamii iliyoibiwa kumbukumbu ya mzee wake haihitaji itikadi moja ili ieleweke.

Sisi tumefundishwa nini? Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya roho, na jibu lililoteremka katika Suratul Israa, aya ya 85, ni kuwa roho ni jambo la Mola, na kwamba wanadamu hawakupewa katika elimu ila kidogo. Jibu hili halikuwazuia wanavyuoni kufikiri, ila liliwafundisha adabu ya kufikiri. Ibn Sina, tabibu aliyefariki mwaka 1037, alitoa mfano ambao leo ungefaa kuwa mwanzo wa filamu. Alisema: mfikirie mtu aliyeumbwa kwa mara moja, ananing'inia hewani, macho yamefunikwa, viungo havigusani, hasikii wala haoni chochote. Je, hatajua kwamba yupo? Kwa mfano huo alitaka kuonyesha kuwa nafsi si mkono, wala jicho, wala kiungo chochote. Imamu Ghazali naye aliwajibu wanafalsafa waliosema kuwa roho tu ndiyo ibakiayo na mwili hautarudi. Aliihesabu kauli hiyo kuwa ukafiri, kwa kuwa Qur'ani imesema wazi juu ya kufufuliwa miili.

Kisha alikuja Ibn al-Nafis wa Damascus, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Yeye ndiye tabibu aliyeeleza jinsi damu inavyopita mapafuni, karne kadhaa kabla ya matabibu wa Ulaya. Aliandika pia kisa cha mtu aitwaye Kamil, aliyejitokeza katika kisiwa kisicho na watu bila ya baba wala mama, akaanza kujifunza kwa akili yake mpaka akafikia kumjua Mola, haja ya kuletwa mitume, na kufufuliwa kwa miili. Kwa hivyo mtoto wa Kiislamu asidhani kuwa kubuni kisa ili kuuliza masuali makubwa ni mambo ya kuazima. Wazee wake katika elimu walikwisha kufanya hivyo.

Yule kijana wa chuoni tulimjibu kwa mfano. Tulimwambia: tuseme kumbukumbu zote za fulani zimeingizwa katika kompyuta. Kitu kilichomo katika kompyuta hunakiliwa. Basi zinakiliwe mara 10, ziwekwe katika simu 10, na kila simu iseme, "Mimi ndiye fulani." Mkewe awe mke wa ipi? Mirathi yake igawanywe au isigawanywe? Deni lake lidaiwe kwa simu gani? Kijana akafikiri, akasema, "Hakuna hata moja iliyo yeye." Tukamwambia kuwa hapo ndipo pa kushika. Kilichonakiliwa ni habari za mtu. Aliyechagua kheri au shari, aliyetolewa roho na malaika, huyo ni mmoja, na ndiye atakayeulizwa. Na sisi tuliobaki tuna mambo manne ya faradhi juu ya mwili wake: kumwosha, kumvisha sanda, kumswalia na kumzika. Mwili ule si ganda la kutupwa, kwa kuwa utaitwa tena.

Lugha yetu yenyewe inalijua jambo hili. Tunasema "amekata roho" wala hatusemi kuwa roho imekatika; tunasema "roho yangu haitaki" tukikusudia kupenda na kuchukia; tunasema "nafsi yake inamsuta." Maneno hayo mawili, roho na nafsi, tumeyapata katika Kiarabu, lakini tumeyatumia majikoni na sokoni mpaka yakawa yetu. Mtu ni mwenye kupenda, kusutwa na kuitika. Mashine inaweza kuyatamka hayo yote na isiwe na chake hata kimoja.

Lau maneno haya yangekuwa ya chuoni tu, pengine tusingeyaandikia makala. Lakini si muda mrefu mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa ametoka eda, alikuja kutuuliza. Mumewe alikuwa mtu wa safari, na kwa miaka mingi walisemezana kwa ujumbe wa sauti katika simu. Amebaki nazo sauti nyingi. Mwanawe anasomea mambo ya kompyuta, naye alimwambia kuwa ziko programu za akili bandia zinazoweza kujifunza sauti na maneno ya baba, kisha zikawa zinamjibu mama akizungumza. "Maalim," alisema, "nataka anijibu mara moja tu. Kuna ubaya gani?"

Tuliifahamu haraka habari ile kwa kuwa tulikwisha kuiona katika filamu. Mwaka 2013, televisheni moja ya Uingereza ilionyesha kisa cha namna hiyo katika mfululizo uitwao Black Mirror. Mwanamke mjamzito amefiwa na mwenzake katika ajali ya gari; programu inakusanya ujumbe wote wa marehemu na kuanza kumwandikia, kisha inamsemesha kwa sauti, na mwishoni anatumiwa mwili wa bandia unaofanana naye. Mwanzoni anafarijika. Baadaye anaona kuwa kitu kile kinamtii kwa kila neno, na kwamba yule aliyempenda hakuwa hivyo: alikuwa na ukaidi wake, na kimya chake, na mambo ambayo hakupata kumwandikia mtu. Mwishowe kinawekwa katika chumba cha darini. Filamu ile ina mambo ambayo hayafai kutazamwa na watoto, lakini aliyeitunga alifahamu kitu: mfano wa mtu unaweza kukuzuia usimlilie mtu mwenyewe ukamaliza.

Hata sisi watu wa pwani tunacho kisa kinachokaribiana na hicho. Katika habari za Fumo Liyongo, ambazo Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitia katika utenzi mwaka 1913, shujaa yule hakudhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe mwenyewe alimchoma kwa kuhadaiwa na mfalme wa Pate. Liyongo akatoka na uta wake, akapiga goti karibu na kisima, mshale tayari, na akafa katika hali ileile. Watu walipomwona walidhani yu hai na amekasirika, wakaogopa kuteka maji. Mji mzima ukaona kiu. Wakamwendea mamake awasaidie, naye akawa akenda kumbembeleza mwanawe kwa maneno ya mapenzi, siku baada ya siku, wala hajui kuwa anasema na maiti, mpaka mwili ulipoanguka. Umbo liliendelea kusimama kama mtu hai, na kwa ajili yake walio hai wakakosa maji.

Yule mama hatukumkemea. Tulimwambia mambo matatu. La kwanza, sauti za mumewe alizozisema kwa kinywa chake hazina tatizo. Ni kama barua zake, azihifadhi, na akipenda azisikilize. La pili, sauti itakayotungwa na programu itasema ambayo yeye hakuyasema. Katika nyumba zetu neno la marehemu ni zito: ndilo wasia, ndilo radhi, ndilo siri ya deni. Mashine ikisema "nimekusamehe," ni nani aliyesamehe? Binti akiuliza kama aolewe na fulani, na sauti ya babake ikajibu ndiyo, je, tumsahau wali wake aliye hai? Maiti hawezi kurudi akasema, "Hayo sikuyasema." Kumtilia maneno kinywani asiyeweza kujitetea ni jambo ambalo tungeliogopa hata kama halina kompyuta ndani yake.

La tatu ni huzuni yenyewe. Sheria imempa mjane miezi minne na siku 10, na jamaa wengine siku tatu za kuacha mapambo. Mtu akiangalia kwa juujuu ataona hii ni mizigo kwa mwanamke. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba huzuni imepewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Hakuna aliyeamrishwa kusahau. Machozi ya moyo hayana eda. Lakini iko siku ambayo mjane huambiwa na Mola wake kuwa sasa anaweza kuvaa, kutoka, kuposwa, kuishi. Mashine haina siku hiyo. Kila asubuhi itakuwa tayari kujibu, na mara moja itakuwa mara mbili. Hapa hatutoi hukumu ya jumla. Makadhi na wanavyuoni wakubwa wana nafasi yao katika mambo haya mapya. Hii ilikuwa nasaha kwa mama mmoja.

Kisha tulimwomba jambo dogo. Tulimwambia akae na mwanawe wazisikilize upya zile sauti za kweli, wakiwa na daftari na kalamu, waandike kila mahali marehemu alipotaja ahadi, deni au ugomvi. Tulikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa nafsi ya muumini huzuiliwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Baada ya wiki moja hivi kijana alitujia na ukurasa. Babake alikuwa amesema, miezi miwili kabla ya kufariki, kwamba bado fundi seremala anamdai shilingi 14,000 za milango. Fundi hakuwa amefungua kinywa, kwa kuwaonea haya wafiwa. Palikuwa pia na maneno juu ya nduguye, kwamba akirudi safari atamwendea wasameheane kwa habari ya mpaka wa kiwanja. Hakurudi.

Deni lililipwa. Wale jamaa wawili wa kiwanja walikalishwa pamoja, na ile sauti ya marehemu ikasikilizwa mbele yao, maneno yake mwenyewe bila kuongezwa wala kupunguzwa. Ndugu akalia, akasamehe. Mama yule alituambia, "Nilikuwa nataka aniambie neno, Maalim. Kumbe alikuwa ameniachia kazi."

Basi tukirudi katika ile hamu ya kutokufa, tunaona kuwa dini haikuizima. Imeielekeza. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Haya yote matatu yanabaki duniani, na yote matatu yanamfikia aliyeondoka. Ibn al-Nafis, yule tabibu aliyebuni kisa cha Kamil, aliiacha nyumba yake na vitabu vyake wakfu kwa hospitali ya Mansuri mjini Cairo. Alikuwa na elimu ya mwili kuliko wengi wa zama zake, na aliijua njia ya moyo na mapafu. Hata hivyo, ulipomkaribia wakati wake, alichokihifadhi ni vitabu kwa ajili ya wanafunzi na nyumba kwa ajili ya wagonjwa.

Tunawausia mama na dada zetu: sauti za wazee wenu walio hai zirekodini wakiwa hai. Waulizeni nasaba, dawa za miti, visa vya utotoni, na kwa upole waulizeni pia wanadaiwa na nani na wanamdai nani. Wasia uandikwe na ushuhudiwe. Na watoto wakitazama filamu za watu wasiokufa, msizime simu kwa hasira. Kaeni nao, muwaulize kile alichouliza yule kijana chuoni. Roho ni amana. Ilitiwa ndani yetu bila ya sisi kuombwa idhini, na itachukuliwa hivyohivyo. Kilicho mikononi mwetu ni siku zilizo katikati.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, watoto wetu na wenzetu waliotutangulia, ayapanue makaburi yao na kuyatia nuru, awape subira waliobaki, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.